Kisogo cha Nina: Malezi ya Mpigaji Fidla katika Taarab ya Unguja

Wahenga walinena kwamba mwana hutazama kisogo cha nina. Methali hii aghalabu hutajwa katika mambo ya tabia: mtoto hafuati anayoambiwa, bali hufuata anayoyaona kwa mzazi wake. Lakini mtu aliyewahi kuhudhuria mazoezi ya klabu ya taarab, usiku baada ya sala ya isha, ataikuta methali hiyo imeketi mbele yake kwa umbo lake halisi. Kijana anayejifunza fidla huwekwa nyuma. Mbele yake wameketi wakubwa, na anachokiona yeye ni visogo vyao, mabega yao, na pinde zao zinavyopanda na kushuka kwa pamoja. Hapana anayemgeukia kumfundisha. Anafundishwa na safu.

Historia ya taarab imeandikwa zaidi kwa majina ya waimbaji na watunzi, na ni haki yao. Mpigaji fidla hutajwa kwa wingi tu: "wapiga fidla". Makala haya yanakusudia kumtazama yeye: alitoka wapi, alilelewa vipi, naye aliwalea vipi waliomfuata. Nadhani tukiitazama historia hiyo vizuri tutaona kwamba safu ya fidla, ambayo sisi tumezoea kuihesabu kuwa ni pambo la okestra, kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa skuli yetu ya muziki.

Fidla ni chombo cha Ulaya kilichotufikia kikiwa kimeshavaa kanzu. Katika karne ya 19 wanamuziki wa Misri walikuwa wakitumia kamanja ya nyuzi mbili, iliyosimamishwa gotini. Fidla ya Kizungu ilipoingia Kairo iliichukua nafasi hiyo, na hata jina iliirithi, kwani Wamisri hadi leo huiita kamanja. Walichokibadilisha ni namna ya kuitega nyuzi na kuipiga. Mzungu hutega nyuzi zake nne kwa sol, re, la, mi. Mtindo wa Misri ukazitega sol, re, sol, re, ili vidole virudie mwendo ule ule juu na chini, na uzi mtupu uweze kuvuma chini ya sauti kama mtu anayeitikia kwa kuguna.

Kwa nini fidla ikakubaliwa upesi namna hiyo? Jibu limo katika shingo yake. Gitaa ina vigawio vya chuma. Piano ina vitufe vilivyokwishapangiwa sauti zao. Shingo ya fidla ni laini, haina mpaka wowote. Kidole kinaweza kusimama popote, na muziki wa Kiarabu una mahitaji ya hapo popote. Katika maqamu ya rasti sauti ya tatu haiko juu kama Mzungu anavyoiimba anapokuwa na furaha, wala haiko chini kama anavyoiimba anapokuwa na huzuni; iko baina ya mbili hizo. Mwaka 1932, katika Mkutano wa Muziki wa Kiarabu uliofanyika Kairo, wataalamu walibishana vikali juu ya piano, iwapo ina nafasi katika muziki wao au itaufisidi. Fidla haikuwa na kesi ya namna hiyo. Ilikuwa imeshakuwa ya nyumbani.

Mmoja wa waliohudhuria mkutano huo alikuwa Sami al-Shawa, mpigaji aliyepewa lakabu ya Amiri wa Fidla. Alitoka katika ukoo wa wanamuziki wa Aleppo, na baba yake alikuwa mpigaji fidla kabla yake. Mwanzoni mwa karne ya 20, yeye na Mansur Awad walifungua skuli ya muziki mjini Kairo. Basi katika maisha ya mtu mmoja tunaziona njia mbili za malezi: yeye mwenyewe alilelewa na ukoo, naye akawalea wengine kwa skuli. Unguja ilizipata njia hizo mbili kwa uchache sana. Ikabidi ijitengenezee ya tatu.

Mapokeo yanatueleza kwamba Sultani Barghash bin Said, aliyetawala tangu mwaka 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Kairo kujifunza muziki, naye aliporudi akawafundisha wengine ili wampigie Sultani. Huo ulikuwa muziki wa kasri. Mwaka 1905 vijana wa mjini waliunda chama chao, wakakiita Ikhwani Safaa, jina walilolichukua kwa ndugu wanafalsafa wa Basra wa karne ya 10. Jina hilo lilikuwa ni ahadi pia: ndugu hukaa pamoja, hupeana wanachokijua, wala hawatozani ada ya elimu. Wanachama hawakuwa wapigaji wa kulipwa. Mchana mtu alikuwa karani, au mwalimu wa skuli, au mwenye duka. Usiku ndipo alipokuwa mwanamuziki.

Hata hivyo, miaka ile ya mwanzo fidla ilikuwa bado haijapata safu. Kikundi cha Kiarabu cha zamani, kile kilichoitwa takhti, kilikuwa na watu wanne watano, na kila chombo kilikuwa na mtu wake mmoja: udi mmoja, ganuni moja, fidla moja. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za kampuni ya His Master's Voice, alikwenda na kikundi kidogo. Katika sahani hizo fidla inasikika ikimfuata mwimbaji hatua kwa hatua, kama mtu anayetembea na mwenziwe katika kichochoro chembamba. Ni upigaji wa kupendeza mno. Lakini msomaji na azingatie jambo moja: katika kikundi cha fidla moja mwanafunzi hana pa kukaa. Anayeijua fidla yumo, asiyeijua yuko nje. Kosa la mpigaji mmoja husikika na wote, na hapana mwenziwe wa kumfunika.

Mabadiliko yalitoka tena Misri. Kutoka miaka ya 1930 na kuendelea, Umm Kulthum na Mohammed Abdel Wahab walizikuza okestra zao, na mahali pa fidla moja pakawa na safu nzima, zikaongezwa selo na dabalbesi. Filamu za Misri zilionyeshwa Unguja, sahani zilinunuliwa, na redio ilileta sauti ya Kairo mpaka barazani. Klabu zetu zikasikia, zikatamani, zikafuata. Kufikia miaka ya 1950 taarab ya Ikhwani Safaa ilikuwa ni ya okestra kamili, na chama cha Culture Musical Club, kilichoasisiwa mwaka 1958, nacho kikaja kuwa na kundi la watu ishirini na zaidi.

Kwa kawaida mabadiliko haya huelezwa kwa upande wa sauti: muziki ulikuwa mpana zaidi, wenye fahari zaidi. Mimi naona kuna jambo kubwa kuliko sauti. Palipokuwa na fidla tano au sita zinazopiga mkondo mmoja, kwa mara ya kwanza pakapatikana nafasi ya mtu asiyejua vizuri. Wa sita akikosea, watano humbeba. Akilijua nusu ya wimbo, atapiga nusu, na nusu nyengine atauweka upinde pajani asikilize. Safu ikawa chuo bila ya mtu yeyote kukaa na kuamua kwamba sasa tunafungua chuo.

Malezi yenyewe yalikuwa na daraja zake, ingawa hazikuandikwa popote. Daraja ya kwanza ni ya sikio. Kijana huja klabuni na ndugu yake au mjomba wake, akapanga viti, akabeba vyombo, akasikia. Kwa wengi nota hazikuwapo. Na hata pale zilipokuwapo, hazikuweza kusema kila kitu. Alama ya nota inaweza kukwambia kwamba sauti hii ishushwe kwa robo. Haikwambii kwamba katika bayati hushuka kidogo zaidi kuliko katika rasti. Hilo ni jambo la kusikia mara mia mpaka kidole chenyewe kione haya kusimama pasipo pake. Wapenzi wa ushairi wanaelewa jambo hili bila ya kuelezwa. Hapana mtu aliyezaliwa katika nyumba ya washairi akafundishwa mizani kwa kuhesabu. Sikio lake lilijaa mshororo wa mizani kumi na sita kabla hajajua kwamba ni kumi na sita, na siku alipousikia wa kumi na tano aliruka kama aliyejikwaa.

Daraja ya pili ni ya bashrafu, muziki usio na maneno unaopigwa mwanzo kufungua shughuli. Hapo okestra nzima hupiga pamoja, na mwanafunzi hujifunza kutumia upinde: wote wavute pamoja, wote wasukume pamoja. Mpigaji ambaye upinde wake unashuka wakati wa wenziwe unapanda huonekana na ukumbi mzima hata kama sauti yake ni sahihi. Ndiyo maana macho ya kijana hayabanduki kwenye mkono wa aliye mbele yake.

Daraja ya tatu ndiyo ngumu, nayo ni ya shairi. Mwimbaji wa taarab anapomaliza kipande, fidla humjibu. Jibu hilo ni fupi, pengine pumzi moja tu, na lina adabu yake. Likija mapema litaikata kauli ya mshairi kabla kina hakijatua. Likichelewa litamfanya mwimbaji asimame peke yake kama mgeni asiyekaribishwa. Mpigaji basi hana budi kuufahamu ubeti: ukwapi unaishia wapi, utao unaanzia wapi, ni neno gani mtunzi amelificha kwa makusudi ili msikilizaji alifumbue mwenyewe. Nyimbo zetu ni za mafumbo, na fumbo linahitaji kimya kidogo baada yake. Mpigaji fidla ndiye mlinzi wa kimya hicho. Ndiyo maana nasema kwamba mpigaji mwema, hata kama hajapata kutunga ubeti, ni mtu wa ushairi.

Daraja ya mwisho ni taksimu, pale safu inaponyamaza na mmoja akabaki peke yake, akaitembeza maqamu kwa hiari yake. Huwezi kuipiga taksimu kwa kuangalia kisogo cha mtu. Anayefika hapo keshakuwa mbele, na kisogo kinachoangaliwa sasa ni chake. Hakufanya mtihani wala hakupewa cheti; kiti chake kilisogezwa tu, na wote wakajua maana yake.

Kulikuwa na uwanja mwengine wa mazoezi, nao ni kidumbaki. Wapo walioudharau wakauita taarab ya wasio na uwezo. Katika kidumbaki okestra huvuliwa mpaka ikabaki mifupa: ngoma mbili ndogo, sanduku lenye uzi mmoja la kutolea sauti nzito, mkwasa, cherewa, mwimbaji, na fidla moja. Nyimbo ni zile zile za taarab, ila huharakishwa na kuunganishwa, na watu hucheza. Huku hapana safu ya kumficha mtu. Fidla ndicho chombo pekee kinachobeba lahani, na kitaibeba saa nyingi, harusini, mpaka vidole viwake moto. Marehemu Makame Faki, aliyejulikana kwa lakabu ya Sauti ya Zege, alivimudu viwanja vyote viwili: aliimba katika okestra ya Culture, na katika kidumbaki aliimba na fidla mkononi. Vijana wengi walipita njia hiyo. Klabu iliwapa adabu, kidumbaki kikawapa ujasiri.

Haitakuwa haki kuusifu utaratibu huu bila ya kutaja mlango wake uliofungwa. Wanawake wa Unguja walikuwa na vyama vyao vya taarab, kama Nuru el-Uyun na Sahib el-Ari, na waliimba na kutunga kwa ushindani ambao bado unasimuliwa. Lakini waliowapigia vyombo walikuwa ni wanaume. Kama safu ndiyo skuli, basi aliyenyimwa kiti katika safu alinyimwa skuli. Haikuwa kwamba mwanamke hakuwa na sikio au kidole. Hakuwa na kisogo cha kukitazama. Ilipofika mwaka 2009, Bi Mariam Hamdani, mwandishi wa habari na mpigaji ganuni, alianzisha kikundi cha Tausi ambamo wanawake wanapiga vyombo wenyewe. Historia ya fidla ilipata ukurasa ambao ulipaswa kuandikwa zamani.

Mapinduzi ya mwaka 1964 yaliibadilisha hali ya klabu. Ikhwani Safaa kwa miaka mingi ikajulikana kwa jina la Malindi, na Culture ikawa karibu na wizara. Mengi yalipotea, na wapo wapigaji waliohama wasirudi. Pamoja na hayo safu haikuvunjika. Kampuni ya GlobeStyle ya Uingereza ilipokuja kurekodi hapa mwaka 1988, okestra bado zilikuwa kamili, na anayezisikiliza rekodi hizo atazisikia fidla zikienda kwa pamoja kama ndege wanaogeuka bila ya kuambizana.

Pigo lilikuja kwa mlango wa nyuma, nalo halikuletwa na adui. Katika miaka ya 1990 ilienea taarab ya kisasa, ya rusha roho, yenye kinanda cha umeme na gitaa. Watu waliipenda, na si vyema kuwalaumu watu kwa wanachokipenda. Tuseme na ukweli wa mfukoni: mwenye harusi anayeita okestra hulisha na kusafirisha watu ishirini, mwenye kuita kinanda hulisha watano, na chombo kimoja kinatoa sauti ya fidla sita. Ni hesabu ambayo mzazi yeyote mwenye kuozesha ataifanya.

Wengi walilalamika kwamba sauti ya kinanda si sauti ya fidla, na kwamba kinanda cha kawaida hakina ile robo ya rasti. Malalamiko hayo ni ya kweli, ila yanaweza kujibiwa: siku hizi vipo vinanda vinavyoweza kutegwa robo hizo. Hasara isiyojibika ni nyengine. Kinanda kilipochukua nafasi ya fidla sita hakikuondoa wapigaji sita tu. Kilikiondoa kiti cha sita, kile cha nyuma kabisa, cha kijana asiyejua. Kinanda kina mpigaji mmoja naye lazima awe anajua. Tukarudi tulipokuwa kabla ya okestra: anayejua yumo, asiyejua yuko nje.

Kwa hiyo si ajabu kwamba ni katika miaka hiyo hiyo ndipo haja ya skuli hasa ilipojitokeza. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kiliasisiwa mwaka 2001, na mwaka 2002 madarasa yakaanza katika jengo la forodha ya zamani, mkabala na bahari. Walioitwa kufundisha ni watu wa klabu. Miongoni mwao ni Mohamed Issa Haji, maarufu Matona, fundi wa fidla na udi, ambaye amezishika kazi mbili za jukwaa na darasa kwa pamoja. Chuoni palikuwa na nota, na ratiba, na mtihani. Mtoto wa kike aliingia kwa mlango ule ule wa mtoto wa kiume, jambo ambalo klabu ilichukua miaka mingi kulifikiria. Kundi la Siti and the Band, lenye wanawake wapigaji vyombo, ni tunda la chuo hicho.

Lakini skuli ina udhaifu ambao safu haikuwa nao: inahitaji fedha kila mwezi. Mwaka 2019 chuo kilitangaza hadharani kwamba kimo hatarini kufungwa kwa kukosa wafadhili. Kiliokoka, na tushukuru. Ikhwani Safaa, ambayo mwaka 2005 ilitimiza miaka mia moja, haikuwahi kuwafundisha vijana wake kwa ruzuku. Iliwafundisha kwa kuwa ilihitaji watu wa kupiga. Malezi yalikuwa ndani ya kazi, kama mvuvi anayemfundisha mwanawe kwa sababu mtumbwi unataka mikono miwili.

Sitaki nieleweke vibaya. Sisemi chuo kifungwe turudi klabuni. Wala sisemi kwamba kijana anayesoma nota amepotea. Chuo kinampa kijana vitu ambavyo safu haikumpa: jina la sauti anayoipiga, uwezo wa kukaa na wanamuziki wa nchi nyengine wakaelewana, na, kwa wasichana, haki ya kuanza. Ninachosema ni kwamba darasa linamfikisha kijana katika daraja ya pili. Daraja ya tatu, ile ya kumjibu mwimbaji bila ya kulikata fumbo, hajaipata mtu darasani, kwa sababu mwimbaji hayupo darasani, wala harusi haipo, wala mama aliyesimama na noti mkononi akingojea ubeti umguse. Kijana aliyehitimu bila ya kupata kiti katika okestra ni sawa na aliyehifadhi kanuni zote za shairi asipate kukaa na malenga.

Basi twaweza kufanya nini? Si jambo kubwa, na wala si la serikali peke yake. Klabu zilizobakia ziweke viti viwili vya nyuma, vitupu kwa makusudi, kwa ajili ya vijana wa chuo, hata kama bado wanakosea. Mwenye harusi anayeweza, na aite okestra kamili angalau usiku mmoja katika siku zake za shangwe. Nasi tunaoandika juu ya taarab tuanze kuyaandika majina ya wapigaji kama tunavyoyaandika ya waimbaji na watunzi. Mtu ambaye jina lake halitajwi huona kazi yake haina mrithi.

Methali haikusema kwamba mwana humsikiliza nina. Ilisema humtazama, tena kwa nyuma, naye nina akiwa njiani anakwenda zake na shughuli zake. Mpigaji fidla wa Unguja hakujua kwamba anafundisha, alikuwa anapiga. Lakini siku yoyote aliyoketi kitini pake na upinde wake, kulikuwa na macho nyuma ya shingo yake. Tukiliacha jukwaa likabaki na kiti kimoja tu, tutaendelea kuwa na muziki, na pengine muziki wa kupendeza. Ila mwana atakapotazama mbele, hataona kisogo cha mtu.